Dk. Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeichora ramani ya saratani ya watoto

MSAFIRI anayetoka mjini Karatu, akapita lango la Loduare na kupanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kisha akashuka na kuvuka mbuga za Serengeti hadi mkoani Mara, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, huwa amevuka mpaka ambao haukuwekwa na serikali yoyote. Mpaka huo hauna bendera wala maofisa wa forodha. Ni mpaka wa ugonjwa.

Upande wa nyanda za juu, penye baridi na mbu wachache, kuna saratani moja kali ya watoto ambayo kwa kawaida haitarajiwi kuonekana. Upande wa ziwani, penye joto, mvua na malaria ya mwaka mzima, saratani hiyo imewashambulia watoto kwa vizazi vingi. Huwavimbisha taya, huwajaa tumboni, na kwa baadhi yao hukibana kile kilichomo ndani ya uti wa mgongo hadi miguu ikapooza.

Mtu aliyeuchora mpaka huo ni Denis Parsons Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliyefanya kazi nchini Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi 1966. Saratani hiyo inaitwa kwa jina lake katika hospitali zote duniani. Hata hivyo, wengi wanaolitaja jina hilo hawajui kwamba liligunduliwa kwa gari kuukuu, kalamu, ramani na maswali mepesi waliyoulizwa madaktari wa vijijini.

Jicho lililopotea

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, huko Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja ambaye muda wake wa mapumziko aliutumia kuchunguza ndege. Aliwavisha pete ndogo miguuni, akawafuatilia na kuchora ramani ya eneo ambalo kila mmoja alilimiliki. Kazi hiyo ilimpatia heshima miongoni mwa wataalamu wa ndege. Mwanawe alikuja kufanya jambo linalofanana na hilo, ila yeye alifuatilia maradhi.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni shuleni. Kioo cha miwani yake kilivunjika na jicho lake la kulia likapotea. Baadaye alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin ili awe mhandisi kama baba yake, lakini akabadili nia na kusomea udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na miaka mitatu baadaye akapata shahada ya upasuaji ya Edinburgh.

Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, alikataliwa. Waliohusika waliona kwamba daktari wa upasuaji mwenye jicho moja hafai kupelekwa mbali. Ilikuwa Vita Kuu ya Pili iliyomfungulia mlango, kwani alijiunga na kikosi cha tiba cha jeshi na kupelekwa Kenya, Somalia na Ceylon. Vita vilipokwisha aliomba tena, na safari hii akapangiwa Uganda.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, kaskazini mwa nchi hiyo. Huko alifanya upasuaji wa mabusha kwa wanaume wengi, na akaona jambo lililowapita wengine. Wagonjwa wengi walitoka upande wa mashariki wa wilaya, ilhali upande wa magharibi walikuwa wachache mno. Aliandika taarifa yake katika jarida la kitabibu. Swali alilojifunza kuuliza Lira ndilo lililompatia umaarufu baadaye: ugonjwa huu unaishi wapi, na wapi haupo?

Watoto wa Mulago na Jinja

Mwaka 1957, akiwa daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Burkitt aliitwa na mwenzake, Dk. Hugh Trowell, amwangalie mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuwa amevimba taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Uvimbe wa taya upande mmoja ni jambo ambalo daktari hulizoea. Uvimbe wa pande zote nne kwa wakati mmoja ulikuwa kitendawili, na Burkitt aliondoka wodini bila jibu.

Wiki chache baadaye alikwenda Jinja kutembelea hospitali ya wilaya. Alipochungulia dirishani alimwona mtoto mwingine mwenye sura ileile. Akamkagua mwili mzima, na tumboni akakuta uvimbe mwingine. Hapo akaanza kushuku kwamba ugonjwa wa taya na ugonjwa wa tumbo vilikuwa kitu kimoja.

Alirudi Kampala na kupekua majalada ya wagonjwa wa Mulago. Alikuta watoto waliovimba taya, waliovimba figo, wasichana waliovimba ovari, waliotokwa jicho nje, na waliopooza miguu ghafla. Kila kundi lilikuwa limeandikiwa jina lake la ugonjwa na kupelekwa kwa daktari wake. Wenzake wa maabara, Dk. Jack Davies na Dk. Gregory O'Conor, walipochunguza vinyama vya uvimbe huo kwa hadubini walikuta chembe za aina moja. Ilikuwa saratani ya tezi za limfu.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mpya. Kumbukumbu za Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Dk. Albert Cook mwaka 1897, zilikuwa na michoro ya watoto wenye taya zilizovimba namna hiyo. Wazazi wa Uganda waliujua kwa macho kabla ya daktari yeyote kuuandika. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha vipande. Burkitt alichapisha taarifa yake ya kwanza mwaka 1958, na kwa muda mrefu hakuna aliyeitilia maanani sana.

Miguu inapokufa ganzi

Miongoni mwa sura zote za saratani hiyo, iliyowatisha wazazi kupita nyingine ni ya kupooza. Mtoto aliyekuwa akikimbia wiki moja iliyopita anaanza kulalamikia mgongo, kisha anajikwaa, kisha hawezi kusimama. Mkojo unaziba. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki ya wakati huo, mtoto wa namna hiyo alilazwa chini ya jina la ugonjwa mwingine.

Ndani ya pingili za uti wa mgongo hupita ugwe, yaani mshipa mkuu wa fahamu unaobeba amri za ubongo kwenda kwenye viungo na kurudisha hisia ubongoni. Uvimbe unaweza kuota ndani ya ugwe wenyewe, kwenye ngozi nyembamba zinazouzunguka, au nje ya ngozi hizo. Saratani ya Burkitt mara nyingi huanzia pembeni mwa mgongo, nyuma ya tumbo, na kupenya kupitia matundu ambamo mishipa ya fahamu hutokea. Ikishafika ndani hukuta nafasi finyu, nayo hukua upesi mno. Ugwe hubanwa, damu hukatika, na viungo vyote vilivyo chini ya hapo hupoteza nguvu.

Kwa daktari wa hospitali ya wilaya, kulitambua tatizo hilo kulihitaji zaidi mikono na macho kuliko mitambo. Alimgonga mtoto goti kwa nyundo ndogo ili kuona kama mguu unaruka. Alimchoma kidogo kwa pini kuanzia miguuni kupanda juu, hadi mahali ambapo mtoto alianza kuhisi. Mstari huo wa hisia ulimwonyesha ni pingili ipi iliyokaribu na uvimbe. Alipiga picha ya eksirei, na alichoma sindano kiunoni kuchota maji yanayouzunguka ugwe ili yakapimwe.

Ugumu ulikuwa katika kutofautisha. Kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho hupoozesha miguu, lakini mara nyingi hula mifupa ya pingili na kuleta kibyongo, na huchukua miezi. Kichocho, ambacho kimejaa kandokando ya ziwa, kinaweza kuufikia ugwe. Polio nayo ilikuwapo, ila yenyewe haiondoi hisia. Katika saratani ya Burkitt pingili zinaweza kuonekana nzima kabisa katika picha, na daktari akadhani hakuna kitu.

Hapo ndipo ugunduzi wa Burkitt ulipobadili mambo. Aliyesoma taarifa zake alijua kwamba mtoto aliyepooza miguu anapaswa kufunguliwa mdomo na kushikwa tumbo. Magego yaliyolegea kwa mtoto mdogo, au uvimbe mgumu chini ya mbavu, viliweza kumpa jibu kabla ya maabara. Kipande kidogo cha uvimbe wa taya, ambacho ni rahisi kukifikia kuliko kitu kilicho ndani ya mgongo, kilitosha kuthibitisha.

Safari ya wiki kumi

Swali la Lira lilimrudia: ugonjwa huu unaishi wapi? Kwa ruzuku ya pauni 25 alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa na kuzituma kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika. Aliuliza jambo moja tu: je, mnawaona watoto wa namna hii? Kila jibu la ndiyo alilichomekea pini kwenye ramani iliyokuwa ukutani kwake. Pini zikajipanga kama mkanda, zikikatiza bara kuanzia magharibi hadi mashariki, kisha zikateremka kusini kando ya pwani.

Ili kujua mkanda huo unakoishia, Oktoba 7, 1961 aliondoka Kampala akiwa na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams wa Kuluva, Uganda, na Clifford Nelson, raia wa Kanada. Walisafiri kwa gari la Ford la mwaka 1954, lililonunuliwa kwa pauni 250. Walipita Kenya, Tanganyika, Nyasaland, Msumbiji na Rhodesia hadi Afrika Kusini, kisha wakarudi. Kwa wiki kumi walikwenda kilomita zipatazo 16,000 na kuingia katika hospitali karibu 60. Ni katika wiki hizo hizo, Desemba 9, Tanganyika ilipata Uhuru.

Kila walikofika, Burkitt alionyesha picha na kuuliza. Majibu yalipowekwa kwenye ramani yalionyesha jambo la ajabu. Karibu na Ikweta, ugonjwa ulitoweka katika sehemu zilizo juu ya mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, kiwango hicho cha mwinuko kilishuka. Dk. Alexander Haddow wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe ndiye aliyesaidia kulitatua fumbo. Haukuwa mwinuko wenyewe, bali joto. Pale ambapo nyuzi joto hushuka chini ya 16 hivi, ugonjwa haukuonekana. Baadaye iligundulika pia kwamba haupendi sehemu kame.

Kanuni hiyo inaeleweka vizuri kwa anayeijua Wilaya ya Karatu na jirani yake Ngorongoro. Mji wa Karatu upo karibu kabisa na mstari wa mita 1,500. Mashamba ya Oldeani na makazi ya wafugaji wa Ngorongoro yapo juu yake, penye baridi. Bonde la Ziwa Eyasi lipo chini, mita zipatazo 1,030, penye joto la kutosha, lakini mvua zake ni haba. Kwa kanuni ya Burkitt, baridi ingelinda kilima na ukame ungelinda bonde. Ila ukivuka Serengeti hadi ziwani, joto na mvua vinakutana tena.

Dawa kabla ya kisu

Burkitt alikuwa mtu wa kisu, lakini alikiri mapema kwamba kisu hakifai hapa. Kuondoa taya ya mtoto kulimharibu sura, na uvimbe ulirudi. Mashine za tiba ya mionzi hazikuwapo Kampala. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, akisaidiwa na Dk. Joseph Burchenal wa New York, alianza kujaribu dawa mpya za saratani, kwanza methotreksati, kisha siklofosfamidi na vinkristini.

Matokeo yaliwashangaza hata waliozileta. Taya iliyovimba kama embe ilinywea kwa siku chache. Baadhi ya watoto waliopewa dozi chache tu, wakarudi vijijini na kupotea machoni pa hospitali, walionekana miaka kadhaa baadaye wakiwa wazima. Wakati huo, nchi tajiri bado zilikuwa na mashaka kama dawa peke yake ingeweza kuponya saratani. Watoto wa Uganda walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuthibitisha kwamba inawezekana.

Kwa waliopooza, dawa zilileta tumaini lenye masharti. Kwa kuwa uvimbe huu huyeyuka haraka ukikutana na dawa, mara nyingi hakuna haja ya kufungua pingili kwa upasuaji ili kuuondoa. Dawa nyingine huchomwa kiunoni moja kwa moja ndani ya maji ya ugwe, ili kuzifuata chembe zilizojificha huko. Lakini ugwe hausubiri. Mtoto aliyeanza tiba siku chache baada ya miguu kulegea aliweza kutembea tena. Aliyeletwa baada ya wiki kadhaa aliweza kupona saratani na kubaki kilema. Umbali wa hospitali na nauli ya basi vilikuwa sehemu ya ugonjwa.

Virusi, mbu na malaria

Machi 22, 1961, Burkitt alitoa mhadhara mjini London. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa Dk. Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vya saratani za kuku, ambaye mara moja alihisi kwamba ugonjwa unaofuata joto na mvua huenda unaletwa na virusi. Kwa makubaliano yao, vinyama vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza virusi vipya ambavyo leo vinajulikana kwa majina ya Epstein na Barr. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Burkitt alidhani kwamba mbu ndiye anayevibeba virusi hivyo. Hapo hakupata jibu sahihi. Virusi hivyo huenezwa kwa mate na vimeenea duniani kote, Ulaya kama Afrika. Kinachofuata mpaka wa joto na mvua ni malaria. Malaria ya mara kwa mara huuchosha ulinzi wa mwili wa mtoto, na chembe zenye virusi hupata nafasi ya kuongezeka hadi moja ikaharibika na kuwa saratani. Mbu alihusika, ila kwa njia nyingine.

Tanzania ilitoa mchango wake katika mjadala huo. Kati ya mwaka 1977 na 1982 watoto wa North Mara walipewa vidonge vya klorokwini ili kuona kama kudhibiti malaria kungepunguza saratani ya Burkitt. Wagonjwa walipungua, lakini mwenendo wa malaria yenyewe haukulingana vizuri na upungufu huo, hivyo utafiti haukuweza kutoa hukumu ya mwisho.

Urithi wake

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Kituo cha tiba ya saratani hiyo kilichofunguliwa Mulago mwaka uliofuata, kikiongozwa na Dk. John Ziegler kutoka Marekani, kilikuwa chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wamarekani walipoondoka wakati wa utawala wa Idi Amin, Dk. Charles Olweny, Mganda, aliushika usukani na kazi ikaendelea.

Burkitt mwenyewe, akiwa Uingereza, aligeukia swali jingine la ramani: kwa nini maradhi mengi ya utumbo yanayowasumbua Wazungu hayakuonekana vijijini Afrika? Jibu lake lilikuwa nyuzinyuzi za vyakula visivyokobolewa, na umaarufu alioupata kwa hilo ulizidi hata ule wa saratani. Mwaka 1972 alipewa Tuzo ya Lasker nchini Marekani pamoja na wenzake kadhaa waliopambana na saratani kwa dawa. Alifariki dunia Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Tangu wakati wake zana zimebadilika. Picha za CT-Scan na MRI zinaonyesha ugwe na kilichoubana bila kumchoma mgonjwa sindano. Upasuaji wa mgongo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na watoto wenye saratani hutibiwa Muhimbili, Bugando na KCMC. Lakini kutoka Karatu hadi KCMC mjini Moshi ni safari ya zaidi ya kilomita 200, na kutoka kwenye maboma ya ndani ya Ngorongoro ni ndefu zaidi.

Mpaka wa Burkitt nao haupaswi kumlaza usingizi mganga wa nyanda za juu. Mstari wa ramani unaeleza ugonjwa unakopatikana kwa wingi. Haumzuii mtoto kusafiri. Familia huhama kutafuta malisho, vibarua na biashara, na mtoto anayelazwa Karatu leo huenda alilelewa Bunda au Musoma. Daktari anayemwona mtoto aliyelegea miguu ghafla bado analazimika kuuliza alikozaliwa na alikoishi, kumfungua mdomo, kumshika tumbo, na kumtafutia usafiri siku hiyo hiyo.